Kona ya Juu Kulia

Baba yangu alihesabu seli kwa miaka ishirini na saba. Miaka ishirini na mitano alihesabu sawasawa. Hiyo miwili iliyobaki ndiyo iliyotumaliza, na ndiyo nitakayoisimulia, kwa hiyo asiye na moyo wa habari mbaya aende zake mapema, nisije nikalaumiwa bure.

Kazini walimwita Mzee Tiki. Kila akimaliza sehemu moja ya kioo cha slaidi alitia tiki kwenye karatasi, na tiki zake zilikuwa sawa zote, kama zimepigwa chapa. Maabara yao ilikuwa nyuma ya hospitali kubwa, ghorofa ya chini, mwisho wa korido inayonuka dawa ya fomalini. Chumba chake hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na meza, stuli ya kuzunguka ambayo ilishaacha kuzunguka, hadubini, taa, na kihesabio cha chuma alichokishika kiganjani na kukibonyeza kwa dole gumba: ta, ta, ta. Dole gumba lake la kushoto lilikuwa nene kuliko la kulia. Nilipokuwa mdogo nilidhani baba wote wako hivyo.

Shuleni nikiulizwa baba anafanya kazi gani nilisema ni daktari. Uongo mtupu. Alikuwa fundi wa maabara, na wala hakuona haya kusema hivyo, haya niliona mimi. Mama naye hakumsaidia. Mama alikuwa mpokea simu wa ofisi moja kubwa, kazi ya kukaa mbele ya ubao wa nyaya na kuunganisha watu, na alijua namba mia nne na zaidi kwa kichwa. Wageni wakija nyumbani aliwaambia, "Mimi naunganisha watu, mwenzangu anahesabu wadudu wa panya." Baba alicheka kila mara, kama vile anausikia utani huo kwa mara ya kwanza. Walipendana hivyo, kwa kuchokozana.

Hao "wadudu", yaani zile seli, nilikuja kuwaelewa nikiwa mtu mzima. Mimi nashona mapazia, na chumba changu cha kushonea kiko hapo hapo nyumbani, karibu na jikoni. Siku moja baba aliinama akaokota kipande cha uzi sakafuni, kimefumuka ncha zote, na kifungo kimoja cheusi kutoka kwenye kopo langu. Akaviweka juu ya meza ya cherehani.

"Huyu," akagusa uzi, "ni mlinzi aliyetulia. Ubongo mzima umejaa hawa. Mikono yao myembamba hivi, wanapapasa majirani zao kutwa nzima, wanaokota taka, wanaangalia nani mzima, nani mgonjwa. Na huyu," akagusa kifungo, "ni mlinzi yule yule akikasirika. Anavuta mikono yote ndani, anavimba, anakuwa duara. Halafu anaanza kula."

"Kula nini?"

"Taka kwanza. Akikosa taka, anakula wazima."

Nilimuuliza kwa nini wakasirike. Akasema hapo ndipo wasomi wanapogombania. Pengine uzee, pengine uchafu unaojilundika, pengine wenzao wamekasirika na wao wakafuata mkumbo. Alichojua yeye ni kwamba wanaanza kwa kulinda na wanaishia kwa kuharibu, na wakishaanza hakuna wa kuwaambia basi. Jicho nalo lina walinzi hao hao, kwenye retina, lile pazia jembamba la nyuma linalopokea picha. "Jicho ni ubongo uliotoka nje kuchungulia," alisema. Alipenda sana maneno hayo. Nadhani aliyabuni mwenyewe, maana aliyarudia mno.

Basi hiyo ndiyo kazi: wanaletewa panya, ubongo na macho vinagandishwa, mama mmoja mnene mwenye ulimi mkali anayeitwa Mama Visu anavikata vipande vyembamba kuliko karatasi, vinatiwa rangi, vinabandikwa kwenye slaidi, na baba anahesabu nyuzi na vifungo.

Alikuwa na namna yake. Alijifunzia kwenye hadubini ya zamani ya tundu moja, na ingawa aliyokuja kupewa ilikuwa na matundu mawili, alitumia la kulia peke yake. Jicho la kulia la hadubini, la kushoto la karatasi. Tena hakuzungusha jicho kama wengine. Alilikazia katikati, palipo na alama ya msalaba, akahesabu eneo zima kwa mtazamo mmoja, kisha akasogeza slaidi. Kwa namna hiyo alimaliza siku moja kazi ambayo wengine wangeifanya siku tatu. Vijana wa chuo waliletwa kumtazama akifanya kazi. Nani angemwambia unakosea?

Mama alianza kwa jambo dogo la kuchekesha. Simu yake ya mkononi ililia, akapokea akasema, "Ofisi kuu, nikuunganishe na idara gani?" Aliyepiga ni dada yake. Wakacheka mpaka machozi. Mwezi uliofuata akafanya tena, na safari hii alipoulizwa kama anatania aliniangalia mimi ili nimjibie. Halafu zikapotea namba. Zile mia nne na zaidi, zikawa zinamtoka moja moja, na mwisho akasimama sebuleni na simu mkononi asijue namba ya mumewe.

Hospitali walitupa jina la ugonjwa. Watu wengine wakiambiwa jina hilo wanapata neno la kuogopa. Baba alipata picha. Alijua hasa kinachotokea ndani ya kichwa cha mkewe, alikuwa amekihesabu kwa miaka yote hiyo, na hakuweza kujidanganya hata kidogo. Alirudi nyumbani akakaa kwenye ukingo wa karo la kufulia na viatu vyake miguuni, akasema, "Vifungo. Kichwa chake kimejaa vifungo." Sikumwona akilia kabla ya siku ile.

Sasa, katika maabara ile kulikuwa na mwanamke aliyekuwa mkubwa wao. Wote walimwita Profesa. Alikuwa na dawa. Dawa hiyo kazi yake ni kuwatuliza walinzi, kifungo kirudi kuwa uzi, na ilikuwa imeshajaribiwa kwa watu wazima wenye afya ikaonekana haiui. Kilichobaki ni kuonyesha kwamba inafanya kazi. Nusu ya panya walipewa dawa, nusu wakapewa maji ya chumvi, na slaidi zote zikaandikwa namba za siri ili anayehesabu asijue ipi ni ipi. Anayehesabu ni nani? Mzee Tiki.

Alihesabu kwa karibu miaka miwili, trei ishirini na nne za slaidi. Hakutaja kazi hiyo nyumbani hata mara moja, lakini niliona anavyovaa asubuhi. Alifunga vifungo vya shati kama mtu anayekwenda kuposa.

Namba za siri zilipofunguliwa, panya waliopewa dawa walikuwa na vifungo pungufu kwa theluthi moja. Theluthi nzima! Mama Visu ndiye aliyenisimulia kwamba Profesa aliingia chumbani kwa baba, akamkumbatia pale pale kwenye stuli, na miwani yake ikaanguka. Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Ruhusa ikatoka ya kuwapa dawa wagonjwa ishirini, sindano ya uti wa mgongo, mara moja kila mwezi. Walitaka wagonjwa ambao ubongo wao haujaharibika sana. Kipimo kilikuwa maneno kumi: unasomewa, unasubiri dakika tano, unayataja. Chini ya manne huchukuliwi.

Mama alitaja manne. Kisu, daraja, pamba, na mwishoni kabisa, mimi nikiwa nimeshika ukuta, njiwa. Akawa wa kumi na moja kwenye orodha. Alitoka mle ndani akiwa amenyanyua kidevu. "Nimefaulu," aliwaambia majirani, mpaka wale asiosalimiana nao. Usiku na mchana alikuwa na habari moja tu, sindano yangu, sindano yangu. Alisahau chumvi, akasahau kufunga bomba, akasahau kwamba mama yake mzazi alishakufa, lakini sindano hakuisahau. Na mimi nilirudi kuimba nikishona, jambo ambalo sikulifanya tangu ugonjwa uingie. Nataka hilo lijulikane. Tulikuwa na furaha.

Wiki tano kabla ya sindano ya kwanza, baba alijigonga kwenye mlango wa maabara. Ulikuwa wazi nusu. Mama Visu akamsema, "Mzee Tiki, unaona mlinzi wa panya huoni mlango? Kapime macho, bwana, kabla hujanikalia." Akaenda, kwa ajili ya miwani mpya tu. Muuguzi wa macho akamwekea kidevu kwenye mashine, akamfunika jicho moja, akampa kitufe. Ukiona nukta ya mwanga, bonyeza. Baba alifurahi, alisema leo amepata kazi anayoijua.

Karatasi ilipotoka, jicho la kushoto lilikuwa na madoa kidogo pembeni. La kulia lilikuwa na doa jeusi kubwa, juu upande wa kulia, linakaribia katikati.

"Una presha ya macho, baba," muuguzi akamwambia. "Hii haiji leo."

"Mimi sioni doa lolote."

"Huwezi kuliona. Ubongo unapaziba. Kama pembeni ni nyeupe unapapaka nyeupe, kama ni kijani unapapaka kijani. Watu wanaendesha magari wakiwa hivi."

"Limeanza lini?"

Muuguzi akatazama karatasi tena. "Kwa ukubwa huu, miaka miwili. Pengine na zaidi."

Hayo yote baba alinieleza Jumamosi mchana, kwenye chumba cha kushonea. Mama alikuwa uani anaanua nguo. Alieleza kwa utaratibu, kama anavyojaza karatasi zake. Alitoka kliniki ya macho akarudi maabara moja kwa moja, siku hiyo hiyo, akachukua slaidi moja anayoijua, akaiweka. Akatazama kwa jicho la kulia: seli hamsini na nne. Akatazama kwa la kushoto: themanini na moja. Akasogeza slaidi taratibu, jicho la kulia limekaziwa kwenye msalaba, akaona kifungo kimoja kinapanda, kinapanda kuelekea kona ya juu kulia, kikafika mahali kikatoweka. Pale kilipokuwa, kukawa na rangi nzuri safi ya ubongo mzima. Akakirudisha chini, kikatokea. Alifanya hivyo mara nyingi, hakujua ngapi. Mzee Tiki hakujua ngapi!

"Sasa ulikosea kwa wote," nikamwambia. Nilikuwa bado na mkasi mkononi. "Waliopewa dawa na wasiopewa. Si itakuwa sawa?"

Akatikisa kichwa. Hapo ndipo aliponiambia kuhusu trei.

Sheria ya maabara ni kwamba slaidi zichanganywe kwanza, zote, ndipo zihesabiwe. Baba hakuzichanganya. Hakuwahi kuzichanganya tangu aajiriwe, kwa sababu rangi inafifia, na yeye aliona ni uzembe kuacha trei ya zamani ififie huku unahesabu mpya. Ya kwanza kutiwa rangi, ya kwanza kuhesabiwa. Kila mtu alijua, na kila mtu aliona kuwa huo ndio uangalifu wa Mzee Tiki. Namba za siri zilikuwepo, ya nini kuhangaika? Lakini Mama Visu naye alikata panya kwa mpangilio wa vizimba, na vizimba vya mwanzo vilikuwa vya wale wa maji ya chumvi. Trei kumi na mbili za kwanza, wasiopewa dawa. Kumi na mbili za mwisho, waliopewa. Na doa lilikuwa likikua kidogo kidogo tangu trei ya kwanza mpaka ya ishirini na nne.

"Vifungo havikupungua," baba akasema. "Nilipungua mimi."

Nilikaa. Cherehani ilikuwa na pazia la watu limening'inia nusu. Nje nilimsikia mama anaimba wimbo usio na maneno.

"Nani anajua?"

"Wewe."

"Basi isitoke hapa."

Alinitazama. Sijui alikuwa anaona kiasi gani cha uso wangu.

"Baba, nisikilize. Hujui kama dawa haifanyi kazi. Umejua tu kwamba umehesabu vibaya. Inawezekana inafanya kazi. Ama inafanya ama haifanyi, kama haifanyi si itakuwa kama maji tu? Itamdhuru nini?"

"Ni sindano ya uti wa mgongo, mwanangu. Kila mwezi. Watu ishirini."

"Mimi sijali watu ishirini! Mimi nina mmoja!"

"Na wale kumi na tisa wana mabinti."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia kwamba alimhesabia mama kifo kwa miaka miwili na sasa anataka kukipiga muhuri. Nilimwambia kama ni ukweli anaoutaka, angeutafuta kabla ya kumfanya mama anyanyue kidevu. Aliniacha nimalize. Mwisho akasema, "Haya," akatoka kwenda kumsaidia mama nguo, na mimi nikadhani nimeshinda.

Siku tisa alinyamaza. Siku hizo tisa nilimpikia vizuri, nikamtia dawa ya macho matone mawili asubuhi na mawili jioni, nikimshika kidevu kama mtoto. Nilimpeleka mama kusuka nywele za kwendea hospitali. Nilikuwa mchangamfu kupita kiasi, na baba akipita mlangoni niliongeza sauti. Alikonda. Siku ya tisa alijaribu kuhesabu sarafu za mkate mezani akaacha katikati, akazisukuma zote kwangu.

Ya kumi alikwenda kwa Profesa.

Mama Visu alikuwepo, alikuwa ameleta trei kusainiwa, na hakuna aliyemwambia atoke. Alinisimulia kwamba baba alisimama, alikataa kiti. Aliweka karatasi ya macho juu ya meza, akaeleza kuhusu jicho, kisha kuhusu trei. Profesa alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Nani mwingine anajua?"

Swali lile lingeweza kwenda upande wowote.

"Binti yangu," baba akajibu. "Na sasa nyinyi wawili."

Profesa akafunika uso kwa viganja, akalia. Halafu akainua simu mwenyewe, akasimamisha kila kitu. Sikupenda kusikia kwamba alilia. Nilitaka awe mtu mbaya, au awe mwoga, aseme tunyamaze, nipate mwenzangu.

Slaidi zilichanganywa, wakapewa vijana wawili wa chuo wenye macho mazima, kila mmoja peke yake. Ilichukua wiki sita. Wiki hizo sita nilisali sala mbaya: kwamba baba amekosea tena, kwamba dawa ni ya kweli. Majibu yaliposomwa, waliopewa dawa na waliopewa maji walikuwa sawasawa. Tofauti ilikuwa ndogo mno, hata ya kubishania haikuwepo. Ile theluthi nzima ilikuwa kona ya juu kulia ya jicho la baba yangu.

Orodha ikafutwa. Baba alistaafishwa kwa heshima, kwa barua nzuri, na hakuna aliyemsema vibaya, jambo ambalo nadhani lilimuumiza zaidi. Mama Visu alimletea kile kihesabio cha chuma kimefungwa kwenye gazeti. Alikipokea, akakiweka kabatini bila kukifungua.

Mimi sikumsemesha kwa miezi miwili, tangu siku aliyokwenda kwa Profesa. Nilipika, nikamwekea mezani, sikumwambia karibu. Alikula alichokikuta. Mtu anaweza kujua kabisa kwamba mwenzake ametenda haki na bado asiweze kumtazama, nami nilikuwa mtu huyo, na sijivunii. Kama angesema "nilikwambia", ningepata pa kumkamata. Hakusema.

Macho yakaendelea kuharibika, tena upesi. Daktari wa macho alisema presha imeshuka, dawa inafanya kazi yake, lakini pazia la nyuma linazidi kuliwa. Baba akamuuliza kama ni walinzi. Daktari akashangaa mzee anayajua mambo hayo, akasema ndiyo, inadhaniwa hivyo, wakishaamka hawajui kwamba hatari imepita. "Hakuna wa kuwaambia," baba akasema. Miezi ile ile jicho la kulia likazimika, na la kushoto likabaki na tundu la katikati, dogo, anaona uso wa mtu kama anachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kisha hata hilo.

Na mama? Mama tulimwambia orodha imefutwa. Baba ndiye aliyemwambia, akamshika mikono, akamweleza kwa maneno mepesi. Alilia kama mtu aliyefiwa. Alilia mpaka akalala, akaamka, akapiga mswaki, akaja jikoni akauliza, "Sindano yangu ni lini?"

Baba akamweleza tena. Akalia tena, upya, machozi yale yale ya kwanza. Kesho yake tena. Nilihesabu asubuhi kumi na moja mfululizo, sikuwa na la kufanya ila kuhesabu, na katika asubuhi hizo zote mama alifiwa na tumaini lile lile kana kwamba hajawahi kufiwa nalo. Asubuhi ya kumi na mbili niliingia na birika la chai, nikamsikia akiuliza, nikamsikia baba anavuta pumzi.

"Kesho," baba akasema. "Kesho asubuhi."

Mama akacheka kwa furaha, akaenda kutafuta nguo ya kuvaa.

Nililiweka birika chini nisije nikalirusha. "Kumbe unaweza," nikamwambia. Hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa miezi miwili. "Kumbe unaweza kudanganya! Ungedanganya wakati ule, baba! Wakati ule!"

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu, akakosea kidogo, akawa anaongea na kabati la vyombo. "Najua," akasema. Nilisubiri ajitetee, nilitaka sana ajitetee, na yeye alikuwa amekaa tu, mikono juu ya magoti, dole gumba lile nene linagonga goti taratibu bila yeye kujua. Nilimwagia chai. Nikamshikisha kikombe. Nikasema, karibu.

Sasa ni mwaka wa tatu wa ile "kesho". Mama anavaa kila siku. Mara nyingine anavaa nguo mbili, moja juu ya nyingine, mara nyingine khanga tu na viatu vya kutokea, anakaa kwenye kochi karibu na mlango na mkoba mapajani, na ikifika saa nne ameshasahau anachosubiri, lakini haondoki. Baba anakaa kwenye kiti chake upande wa pili. Kama mama yuko kimya sana, baba ananiuliza kwa sauti ya chini, "Yupo?" Namwambia yupo. Namba zimekwisha zote, za ofisi, za nyumbani, na majina yamekwenda na namba. Mimi ananiita dada. Baba kwake hana jina.

Jana mama aliniita nikae karibu yake. Alikuwa na jambo la siri, alinivuta sikio kabisa, ingawa sauti hakuishusha.

"Dada, sindano yangu ni lini?"

"Kesho asubuhi, mama."

"Alhamdulillahi." Akatulia, akaupapasa mkoba. Kisha akamwonyesha baba kwa kidole. "Na yule mzee kipofu? Kila siku namwona amekaa hapa peke yake. Hana mke, hana ndugu wa kumwandikisha naye apate?"

Baba alikuwa hatua tatu kutoka tulipo, na masikio yake hayana kasoro yoyote.